Je, wajua? Ukifunga ndoa Desemba 31, kwenye kodi Marekani inakuhesabu mwenye ndoa mwaka mzima

Chukulia jamaa yuko Marekani, kafunga ndoa Oktoba. Miezi tisa alikuwa singo kabisa, kodi ya nyumba analipa mwenyewe, ugali anasonga mwenyewe. Sasa Aprili, mwisho wa kupeleka hesabu za kodi ya mapato, inakaribia, kakaa na fomu yake, ile 1040, anajiuliza, nijaze singo kwa ile miezi tisa halafu mwenye ndoa kwa iliyobaki?

Wapi! Mwaka haugawanywi. Sheria inaangalia siku moja tu, Desemba 31: mwaka unafungwa una mke au mume kisheria, au huna? Kama unaye basi umehesabiwa mwenye ndoa tangu Januari mosi, hata kama Januari hiyo mlikuwa hata hamjuani. Na mkipeana talaka rasmi Desemba 30, mwaka wote huo hukuwa na ndoa.

Najua unachowaza hapo, na kuna watu washakiwaza kabla yako. Wanandoa wa Maryland, akina Boyter, wote wawili walikuwa na mishahara mizuri na ndoa ilikuwa inawaongezea kodi, basi mwaka 1975 mwisho wa mwaka wakaenda Haiti wakachukua talaka, mwaka mpya wakarudi wakaoana tena. 1976 wakarudia, safari hii Jamhuri ya Dominika. IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, ikagoma kuwahesabu singo, kesi ikafika mahakamani, na 1980 Mahakama ya Kodi ikazikataa talaka zote mbili.

Haya, ukishakuwa mwenye ndoa, singo haipo tena kwenye menyu. Kwa wengi zinabaki mbili: kufaili pamoja, yaani fomu moja ya kodi kwa wote wawili, au kila mtu kivyake. Pamoja ndo huwa nafuu, hasa mmoja akiwa na kipato kikubwa na mwingine kidogo. Kwa mwaka wa kodi 2025 punguzo la kawaida, yaani kipato kisichotozwa kodi, la singo ni dola 15,750, la wanandoa pamoja 31,500. Mume anaingiza 90,000, mke bado anasoma hana kipato: angekuwa singo angelipa kama 11,249, wakifaili pamoja ni 6,543. Hapo hela ya fungate imerudi. Ila kama kila mmoja anaingiza 60,000, mkipiga hesabu inatoka ile ile, ndoa haijawapa kitu wala haijawanyang'anya.

Huu unafuu wa kufaili pamoja ulianza 1948. Kabla ya hapo wanandoa wa majimbo kama Texas na California, ambako sheria inasema kipato cha ndoa ni cha wote wawili, walikuwa wanakigawa nusu kwa nusu na kulipa kidogo, wa majimbo mengine wanatoa macho tu, ndo Bunge likaruhusu nchi nzima.

Kivyake kivyake ina maumivu yake, unakosa punguzo la riba ya mkopo wa chuo na unafuu wa ada. Lakini kuna wakati mimi mwenyewe ningeichagua. Mkisaini pamoja deni la kodi ni la wote, IRS inaweza kumdai yeyote kati yenu deni lote, sasa kama mwenzio ana biashara ambayo hesabu zake huzielewi elewi, kaa mbali na hiyo sahihi.

Na yule aliyeoa nyumbani, mke bado yuko Tanga? Ndoa iliyo halali kule ilikofungwa huku nayo inahesabika, kwa hiyo usijaze singo. Kufaili naye pamoja inawezekana, ila mnakubali wote kwa maandishi ahesabiwe kama mkazi wa Marekani, anaombewa namba ya kodi kwa fomu W-7, na kipato chake cha popote duniani kinatajwa, hata kile kiduka cha nguo.

Kama hamjaamua na muda umebana, jueni kwamba mliofaili kivyenu mnaweza kubadilisha iwe pamoja ndani ya miaka mitatu. Kutoka pamoja kwenda kivyake, tarehe ya mwisho ya Aprili ikishapita, mlango umefungwa.