Roki haikuiua disko

Swali la nani aliiua disko halikosi majibu kijiweni. Wengi watakuambia ni roki. Wachache wanaopenda kuonekana wamesoma zaidi watasema panki, ile roki ya fujo, na mdogo wake, nyuwevu (new wave). Vijana waliozaliwa wakati kaseti zimeshaanza kuliwa na vumbi watataja hip hop. Kila upande una ushahidi wake, na unaopendwa kuliko wote una tarehe: Agosti 25, 1979. Juma hilo, kwenye chati ya Billboard ya Marekani, "Good Times" ya kundi la disko la Chic ilishushwa kileleni baada ya wiki moja tu. Walioishusha ni The Knack, vijana wa magitaa kutoka Los Angeles, kwa wimbo wao "My Sharona", nao wakakaa pale juu wiki sita. Mwezi Julai nyimbo sita za kwanza kwenye chati zilikuwa disko tupu. Septemba ilipokaribia kwisha, kumi bora haikuwa na hata moja.

Kwa anayesoma chati bila kusikiliza, kesi imeishia hapo. Mimi ni fundi mitambo wa studio ya muziki, nalipwa kusikiliza, na nikizipiga nyimbo za miaka ile mfululizo nasikia hadithi nyingine kabisa. Hata chati yenyewe haikuishia Septemba. Oktoba 1979 Michael Jackson alifika namba moja na "Don't Stop 'Til You Get Enough". Novemba wakafika Donna Summer na Barbra Streisand kwa wimbo ambao ni disko waziwazi. Mwaka 1980 "Funkytown" ilikaa kileleni wiki nne, kisha "Upside Down" ya Diana Ross wiki nne nyingine, na huo uliandikwa na kutengenezwa na Chic wale wale waliokuwa wametangaziwa tanzia. The Knack wenyewe, kufikia 1982, walikuwa wameshasambaratika. Ni muuaji wa ajabu anayezikwa kabla ya matanga ya aliyemuua kuanuliwa.

Tuingie studio kidogo, maana ugomvi huu hauamuliwi kwa majina bali kwa ngoma. Alama ya disko ni ngoma kubwa ya mguu kupigwa kila pigo, moja mbili tatu nne, bila kuruka. Juu yake matoazi ya mguu yanafunguka katikati ya pigo na pigo, na ule mlio wa "tss" ndio unaoinua kisigino chako hata kama hukupanga kucheza. Earl Young, mpiga dramu wa Philadelphia, anatajwa kuwa ndiye aliyeukomaza mtindo huo. Sikiliza "The Love I Lost" ya Harold Melvin & the Blue Notes, ya mwaka 1973, utamkuta hapo. Gitaa la besi halikai chini kulinda nyumba kama kwenye nyimbo nyingi za roki za wakati ule; linatembea, linaruka oktavu, linasema nawe. Kasi ni kati ya mapigo 110 na 130 kwa dakika, na haibadiliki, kwa sababu DJ anahitaji kuunganisha santuri hii na ile bila watu kuacha kucheza. Afrika nayo imo tangu mwanzo: moja ya santuri zilizowasha kumbi za New York kabla redio hazijajua kinachoendelea ni "Soul Makossa" ya Manu Dibango wa Cameroon. Ilitoka mwaka 1972, upande wa pili wa santuri iliyotengenezwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika kule Yaoundé. DJ David Mancuso aliipata Brooklyn, na mwaka uliofuata ikaingia arobaini bora za Marekani.

Basi ukiwa na masikio hayo, rudi kwa mtuhumiwa wa kwanza. Mwaka 1978 Rolling Stones walitoa "Miss You", ikafika namba moja, na ngoma ya mguu inapiga zote nne. Rod Stewart akafuata mwanzoni mwa 1979 na "Da Ya Think I'm Sexy?". Kiss, wale wa kupaka nyuso rangi na kutema moto, wakafuata na "I Was Made for Lovin' You". Pink Floyd, ambao mashabiki wao wengi hawangekubali kuonekana kwenye ukumbi wa disko, walishawishiwa na mtayarishaji Bob Ezrin kuweka mdundo wa disko kwenye "Another Brick in the Wall", na hiyo ndiyo ikawa namba moja yao. Kisha Queen. Mpiga besi wao, John Deacon, alikuwa amekaa studio na Chic, akatoka na mstari wa besi ulio ndugu wa damu wa "Good Times", na juu yake akaimba mzaliwa wetu wa Zanzibar, Freddie Mercury. "Another One Bites the Dust" ilikaa kileleni Marekani wiki tatu, Oktoba 1980. Nakumbusha: huo ni mwaka mzima baada ya mazishi yanayosemwa.

Na mambo yalikwenda pande zote mbili. Gitaa linalolia katikati ya "Hot Stuff" ya Donna Summer ni la Jeff Baxter, aliyepita bendi za roki za Steely Dan na Doobie Brothers. Wimbo huo ulimpa Summer tuzo ya Grammy ya mwimbaji bora wa kike wa roki. Ndiyo, ya roki. Malkia wa disko ndiye wa kwanza kabisa kupewa tuzo hiyo.

Panki nayo haina hoja nzito. Kama panki ndiyo iliyoua, basi maiti tungeikuta Uingereza, maana huko ndiko ilikotikisa zaidi. Tunakuta nini? John Lydon, aliyekuwa mwimbaji wa kundi la panki la Sex Pistols, mwaka 1979 alitoa na kundi lake jipya wimbo uitwao "Death Disco". Mtu akisoma jina atadhani ni shangwe ya mazishi. Kumbe aliutunga juu ya mama yake aliyekuwa akifa kwa saratani, na mdundo wake ni disko, besi imesimama mbele kabisa. Waliobaki wa Joy Division, kundi la Manchester lililotokana na panki, wakajiita New Order, na mwaka 1983 wakatoa "Blue Monday", ambayo ni santuri ya inchi kumi na mbili iliyouzwa kuliko nyingine yoyote Uingereza. Kule New York, Blondie waliotokea ukumbi wa CBGB, chimbuko la panki, walikuwa wameshafika namba moja mwezi Aprili 1979 kwa "Heart of Glass". Hao wote walikuwa wateja wa disko, na wateja waaminifu.

Hip hop naipita haraka kwa sababu shtaka lake ni dhaifu kuliko yote. Muziki wa kufokafoka ulipoingia sokoni kwa kishindo, Septemba 1979 na "Rapper's Delight", chini yake kulikuwa na nini? "Good Times", iliyopigwa upya na wanamuziki wa studio, mpaka Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic wakadai haki na majina yao yakaandikwa kwenye wimbo. Mtoto aliyenyonya ziwa hilo huwezi kumshtaki kwa mauaji.

Kuna jambo la jiografia pia ambalo wabishi wa Marekani hulisahau. Ujerumani na Italia hakuna aliyetangaza kifo. Waitaliano waliendelea kutengeneza disko yao ya vinanda vya umeme miaka yote ya 1980. Boney M, kundi la Frank Farian wa Ujerumani, liliimba "Malaika" mwaka 1981, na mwaka 1983 likaichukua "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa na kuipiga kwa mtindo wake. Yaani miaka minne baada ya disko "kufa", disko ya Ulaya ilikuwa inaimba Kiswahili. Huku kwetu, sijui nani angethubutu kuwaambia watoto wa disko toto la Sikukuu kwamba marehemu ameshazikwa.

Sasa, kitu fulani kilianguka Marekani mwaka 1979, hilo halina ubishi. Kilichoanguka ni biashara, na iliangushwa na waliokuwa wameipandisha kwa pupa. Julai 1978 kituo cha WKTU cha New York kiliacha roki laini kikaanza kupiga disko mfululizo, na baada ya miezi michache kikawa cha kwanza kwa wasikilizaji jijini. Wenye redio wa nchi nzima wakaona, wakaiga. Kampuni za rekodi zikafungua idara za disko, zikawa zinamwaga santuri kila wiki, nzuri na mbovu. Hata Ethel Merman, bibi wa michezo ya jukwaani ya Broadway, alirekodiwa albamu ya disko akiwa na miaka zaidi ya sabini. (Nimeisikiliza. Mpiga dramu alijitahidi.) Maduka yalikuwa na haki ya kurudisha santuri zisizouzwa, na mwaka 1979 zikarudi kwa shehena. Mwaka huo huo mapinduzi ya Iran yalipandisha bei ya mafuta, na santuri ni plastiki itokanayo na mafuta. Mauzo ya muziki Marekani yakashuka baada ya miaka mingi ya kupanda, na mhasibu anapotafuta wa kutupwa nje hutazama kilichopandishwa majuzi. Waandaaji wa Grammy walianzisha tuzo ya disko, wakaitoa mara moja tu, mwaka 1980, kwa "I Will Survive" ya Gloria Gaynor, kisha wakaifuta.

Na kulikuwa na chuki. Desemba 1978 kituo cha WDAI cha Chicago kiliacha roki kikahamia disko, na mtangazaji Steve Dahl akapoteza kazi. Alihamia WLUP, kituo cha roki, akafanya kuikebehi disko kuwa riziki yake. Julai 12, 1979, uwanjani Comiskey Park, kati ya mechi mbili za besiboli za White Sox na Detroit Tigers, aliripua kreti la santuri zilizoletwa na watazamaji. Aliyeleta santuri aliingia kwa senti 98. Walifika watu wapatao 50,000, maelfu wakavamia uwanja, polisi wakakamata 39, na mechi ya pili Tigers wakapewa ushindi wa mezani. Vince Lawrence, kijana mweusi aliyekuwa akiwaelekeza watu viti siku hiyo, amesimulia kwamba alichokiona mikononi mwa watu hakikuwa disko peke yake: zilikuwa santuri za wasanii weusi kwa jumla. Dahl hadi leo anakanusha kwamba ubaguzi ulihusika. Mimi simhukumu kwa yaliyo moyoni mwake, ila disko ilikuwa imekulia kwenye kumbi za weusi, Walatino na mashoga, na umati haukuhitaji kuandikiwa ilani ili uelewe ni nani anayefukuzwa.

Kwa hiyo nikilazimishwa kutaja roki, nitataja redio za roki na baadhi ya wasikilizaji wake. Wanamuziki wa roki walikuwa studio wakiipiga disko.

Ushahidi wangu wa mwisho ni mikono. Chic hawakupata tena wimbo kwenye arobaini bora za Marekani baada ya "Good Times". Jina lao lilikuwa limeshakuwa nuksi. Lakini Nile Rodgers huyo huyo alitengeneza "Let's Dance" ya David Bowie mwaka 1983 na "Like a Virgin" ya Madonna mwaka 1984. Bee Gees walifungiwa milango na redio za Marekani, wakaandika nyimbo na kuwapa wengine: "Woman in Love" kwa Streisand, "Heartbreaker" kwa Dionne Warwick, "Islands in the Stream" kwa Kenny Rogers na Dolly Parton. Redio iliyokataa sauti zao ilipiga nyimbo zao asubuhi hadi jioni.

Walioumia kweli ni wale ambao majina yao hayakuandikwa mbele ya jalada: wapiga vinanda vya nyuzi, wapuliza tarumbeta, orkestra nzima nzima za Philadelphia na New York zilizolipwa kwa saa. Bajeti ilipokatwa, wao ndio waliokatwa kwanza. Nafasi yao ilichukuliwa na mashine, na mashine hiyo haikuletwa na roki wala panki. Giorgio Moroder alikuwa ameshaonyesha njia mwaka 1977 kule Munich, alipotengeneza "I Feel Love" ya Donna Summer karibu yote kwa kinanda cha umeme cha Moog. Mwaka 1980 kampuni ya Roland ikatoa mashine ya ngoma ya TR-808. Ilikuwa haichoki na haidai posho, na vijana wasio na hela ya kukodi hata mpiga dramu mmoja waliweza kuinunua ikiwa imetumika. Mmoja wao alikuwa Vince Lawrence, yule wa Comiskey Park. Mwaka 1984 yeye na Jesse Saunders walitoa "On and On" huko huko Chicago, inayohesabiwa miongoni mwa santuri za kwanza kabisa za haus (house), muziki wa dansi uliotokana na disko, na ngoma yake ni 808 ikipiga zote nne.