Homa ya ng'ombe haina dawa moja

Mfugaji anaponiarifu kwamba ng'ombe wake ana homa na amekwisha kumchoma sindano ya oksitetrasaiklini, humuuliza kwanza kama alimpima joto na kama alimpapasa tezi za chini ya masikio. Mara nyingi hakufanya lolote kati ya hayo. Dawa yenyewe ni nzuri na ina kazi nyingi, na pengine ndiyo maana imegeuzwa kuwa jibu la kila mnyama aliyeacha kula. Lakini katika maradhi manne makubwa yanayoenezwa na kupe, inaaminika kwa mawili tu, yaani ndigana baridi na maji moyo. Kwa ugonjwa wa kukojoa damu si ya kutegemewa. Na ndigana kali ikishapamba moto, dawa hiyo haimponyi mnyama.

Nianze na joto. Ng'ombe mkubwa mwenye afya huwa na nyuzi joto kati ya 38 na 39.3 hivi, na mimi huanza kushuku homa inapofika 39.5. Ni vyema kupima asubuhi kabla ya jua kuwa kali, kwa sababu mnyama aliyeshinda juani au aliyefukuzwa kabla ya kukamatwa anaweza kuonyesha joto la juu bila kuwa mgonjwa. Kipimajoto hupakwa mafuta kidogo na kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa kikiwa kimeinamishwa ili kiguse ukuta wa utumbo, kwa maana kikizama katikati ya kinyesi kitapima joto la kinyesi.

Ndigana kali, inayopatikana mashariki, kati na kusini mwa Afrika, huletwa na kimelea kiitwacho Theileria parva ambacho huenezwa na kupe wa kahawia wa sikio. Kwa kuwa kupe huyo hupenda kunyonya sikioni, tezi zinazovimba mapema ni zile za chini ya sikio, kisha ile iliyo mbele ya bega. Simama ubavuni mwa mnyama, kandamiza vidole vinne mbele ya bega na uvivute polepole kuelekea kwako: tezi ya kawaida huteleza chini ya vidole kama kitu chembamba kirefu, ilhali ya mgonjwa hujaa mkononi, na wakati mwingine huonekana kwa macho hata kabla ya kuguswa. Linganisha upande wa kulia na wa kushoto. Joto hupanda hadi 40 au 41, na cha ajabu ni kwamba katika siku za mwanzo mnyama anaweza kuendelea kula, jambo linalomfanya mwenye mifugo asubiri. Baadaye huanza kuhema kwa shida, hukohoa, na mwishoni povu hutoka puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Akifikia hapo, matumaini ni madogo hata kwa dawa sahihi.

Maradhi mengine matatu yana alama zake. Katika ndigana baridi, vimelea hushambulia chembe nyekundu za damu, hivyo ufizi na utando wa ndani wa jicho hupauka na baadaye huwa wa manjano, kinyesi huwa kigumu na chenye utelezi, lakini mkojo hauwi mwekundu. Ugonjwa huu huwaelemea zaidi ng'ombe wakubwa kuliko ndama. Mkojo ukiwa mwekundu au wa rangi ya kahawa, fikiria babesia, yaani ule ugonjwa wa kukojoa damu. Kinga mkojo huo kwenye chombo cha kioo na uuache utulie: rangi ikibaki sawa kutoka juu hadi chini, chembe za damu zimepasukia mwilini, lakini damu ikituama chini, tafuta jeraha au ugonjwa wa kibofu au figo. Maji moyo, kwa upande wake, hugusa ubongo. Mnyama hutembea akinyanyua miguu juu kupita kawaida, hutafuna ilhali hana kitu mdomoni, huzunguka mahali pamoja, kisha huanguka na kupiga mateke hewani. Anaweza kufa upesi sana, na ndiyo maana wengi hudhani amekula sumu.

Dalili hizi huchanganyika, na mnyama mmoja anaweza kuwa na maradhi mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza ni busara kuchukua tone la damu kutoka ncha ya sikio na, panapokuwa na uvimbe, majimaji kidogo ya tezi, yapakwe kwenye vioo na kuangaliwa kwa darubini. Damu hudhihirisha vimelea vya ndigana baridi na vya babesia. Tezi hudhihirisha vya ndigana kali. Kwa mnyama aliyekufa ghafla, tahadhari ni nyingine kabisa: mzoga ukivimba haraka, usipokakamaa, na damu isiyoganda ikitoka puani, mdomoni au njia ya haja kubwa, usiupasue hata kidogo. Huenda ni kimeta, ambacho huua watu pia na ambacho mbegu zake hudumu ardhini kwa miaka mingi. Toa taarifa kwa ofisi ya mifugo.

Katika matibabu, jambo linaloharibika mara nyingi ni kipimo. Buparvakwoni, dawa ya ndigana kali, hutolewa kwa miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, yaani mililita 1 kwa kilo 20 ikiwa chupa ina miligramu 50 kwa mililita, na huchomwa kwenye misuli ya shingo. Uzito unaokisiwa kwa macho huwa pungufu, na kwa kuwa dawa hii ni ghali kuna kishawishi cha kuipunguza; tumia utepe wa kupimia kifua. Babesia hutibiwa kwa diminazini au imidokabi. Mnyama aliyepungukiwa damu asitembezwe umbali mrefu wala asikimbizwe ili akamatwe, kwa sababu anaweza kuanguka na kufa hata kabla ya kutibiwa: mpelekee maji na majani alipo, kivulini. Maziwa yake yasinywewe wala kuuzwa hadi muda ulioandikwa kwenye chupa uishe.

Kinga inategemea kumjua kupe mwenyewe. Kupe wa bluu, mwenezaji wa babesia na ndigana baridi, humaliza hatua zake zote 3 juu ya ng'ombe mmoja kwa wiki 3 hivi, kwa hiyo kuogesha kila wiki humkuta tu. Yule wa sikio hushuka baada ya siku chache kila anaposhiba, na ndiyo maana palipo na wengi, kwa ng'ombe wa kigeni, hulazimu kuogesha mara 2 kwa wiki. Kwa kawaida huhitaji kunyonya siku 3 hivi kabla vimelea havijawa tayari kuambukiza, hivyo kumwondoa mapema kuna faida. Anayetumia bomba la mkono ahakikishe dawa imefika ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye mapaja, wala asiizimue kupita maelekezo, kwa kuwa dawa nyepesi hufuga kupe sugu.

Chanjo ya ndigana kali ipo, na kiini chake kilitengenezwa Muguga, Kenya. Mnyama hupewa vimelea hai pamoja na oksitetrasaiklini ya muda mrefu kwa wakati uleule. Dawa hiyo hupunguza kasi ya vimelea vinavyoanza tu, huku mwili ukijijengea kinga. Kinga hiyo ni ya ndigana kali pekee, kwa hiyo josho haliachwi.

Ng'ombe anayeletwa kutoka mahali pasipo na kupe huwa hana kinga hata kidogo, kwa hiyo achanjwe mapema, na katika wiki za mwanzo apimwe joto kila asubuhi. Sindano nayo ibadilishwe kwa kila mnyama, kwa kuwa ndigana baridi husafiri hata kwa damu iliyobaki kwenye ncha yake.