Nyigu wa rangi ya chungwa: mbona wanafanana, na utawatofautishaje?

Kwa miaka mingi niliamini nyigu wa chungwa ni mmoja tu, yule anayejenga kwenye kenchi, kwa hiyo chochote cha rangi hiyo kikiingia usiku kuzunguka taa nilikuwa nakipiga kandambili haraka kabla hakijaita wenzake. Kumbe hana wenzake wa kuita! Yule wa kwenye taa, mwenye vipapasio virefu na tumbo lililobanwa ubavuni, limepinda kama mundu, mara nyingi ni Netelia au Enicospilus, jamii nyingine kabisa. Hana kiota, anaishi peke yake, anatafuta viwavi gizani na kuwatagia mayai, buu akianguliwa anamla kiwavi. Nimeua wengi sana na inaniuma. Ila usimshike, jike anaweza kuchoma, dume hana mwiba kwa sababu mwiba wenyewe ndio mrija wa kutagia mayai.

Sasa mbona rangi moja? Fikiria reflekta za bodaboda. Ukiiona kwa mbali unajua ni bodaboda, hujui ni wa kijiwe gani. Ndege naye akichomwa na nyigu mmoja anakumbuka rangi, hakumbuki ukoo, so kesho akimwona wa ukoo mwingine anampita. Somo moja linawalinda wote, na kila ukoo unapoteza wachache tu kumfundisha ndege. Na kama vile asiye dereva anaweza kuvaa reflekta, kuna nzi na nondo wasiochoma kabisa wanaovaa rangi hizohizo. Ndo maana rangi peke yake haikuambii kitu.

Angalia mabawa akiwa ametua. Nyigu wa kenchi, Belonogaster, anayakunja kwa urefu kama khanga iliyokunjwa ikatupwa begani, yanabaki vipande viwili vyembamba, kiuno kama uzi, na kiota chake cha karatasi ya mbao aliyotafuna kinaning'inia vijumba vikiwa wazi. Wa kwenye taa hakunji hivyo.

Halafu kuna Hemipepsis, huyu ni mkubwa, mwili mweusi wa kung'aa, wengi mabawa ndiyo ya chungwa, anakimbia chini huku akiyatikisa. Ukimkuta anaburuta buibui mkubwa kuliko yeye, kaa uangalie: buibui ni mzima ila amepigwa ganzi, anapelekwa shimoni kutagiwa yai moja.