Je, wajua kwa nini mfugaji huchelewesha ndama wake kwa makusudi?

Huko Nebraska, katikati ya Marekani, kuna eneo la vilima vya mchanga vilivyofunikwa na nyasi, liitwalo Sandhills. Ni nchi ya ng'ombe wa nyama. Kwa desturi ng'ombe wa huko huanza kuzaa mwishoni mwa Februari au Machi, theluji ingalipo, na ndama huachishwa na kuuzwa Oktoba au Novemba. Lakini wapo wafugaji waliosogeza uzazi hadi Mei na Juni kwa hiari yao.

Nilipolisikia jambo hili mara ya kwanza niliamini wanakosea. Biashara asubuhi, ndivyo tunavyosema. Ndama huuzwa kwa kilo, na anaponyonya huongezeka karibu kilo moja kwa siku. Chelewesha uzazi kwa siku 75, umekosa kilo 70 hivi kwa kila ndama. Hesabu hiyo nilikuwa sijaikosea popote, ila nilimhesabu ndama peke yake. Ndama hukaa na mfugaji miezi saba hivi. Mama yake hula siku 365, na chakula chake, hasa cha majira ya baridi, ndicho kinachomeza pesa nyingi zaidi katika ufugaji wa namna hii. Nilikuwa nauliza ndama atakuwa na kilo ngapi sokoni, nisiulize kila kilo imegharimu nini. Halafu kuna bei: kilo ya ndama mwepesi kwa kawaida hununuliwa ghali kuliko ya ndama mzito, na ndama wa Mei anaweza kuuzwa baada ya Mwaka Mpya, minada ikiwa imepungua msongamano wa Oktoba. Si kila mwaka bei hufidia kilo zote zilizokosekana, lakini pengo huwa dogo kuliko nilivyodhani.

Sasa tumwangalie huyo mama. Uchagani mwanamke akijifungua hupikiwa mtori, kwa sababu kila mtu anajua kwamba anayenyonyesha anahitaji chakula kuliko alivyohitaji akiwa mjamzito. Ng'ombe ni hivyo hivyo. Mahitaji yake hupanda tangu siku anayozaa na kufika kileleni miezi miwili hivi baadaye, maziwa yanapotoka kwa wingi. Sasa fikiria nyumba ambayo mtori hupikwa mara moja tu kwa mwaka, kwa tarehe ambayo hakuna awezaye kuisogeza. Kitakachosogezwa ni siku ya kujifungua.

Huko Sandhills chungu hicho ni nyasi. Huanza kuchemka Mei na kujaa Juni na Julai. Kuanzia Oktoba ni nyasi kavu, na nyasi kavu hudanganya: tumbo linajaa, lakini protini ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu vya tumboni vinavyomeng'enya nyasi hudhoofika. Ni kama kurundika magogo kwenye moto usiokuwa na vijiti vya kuwashia. Kuni zipo, moto haushiki.

Ng'ombe aliyezaa tarehe 1 Machi hufika kilele cha maziwa mwishoni mwa Aprili, chungu kingali baridi. Mfugaji hulazimika kumletea marobota ya hei, yaani nyasi zilizokaushwa, yaliyokatwa kiangazi kilichopita kwa dizeli na jasho. Kisichotoshelezwa na hei, ng'ombe hukitoa kwenye mafuta ya mwili wake. Na muda ni mfupi: mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, kwa hiyo ili azae kila mwaka lazima ashike nyingine ndani ya siku 82. Aliyekonda huchelewa kuwa tayari kupandwa. Akizaa tarehe 15 Mei, kilele cha maziwa kinaangukia katikati ya Julai, na mtori uko mezani.

Kuna na ndama mwenyewe. Anatoka kwenye joto la nyuzi 39 akiwa ameloa, anaangukia theluji. Ncha za masikio huweza kuganda na kukatika. Mfugaji huamka usiku na kurunzi, humbeba hadi ndani ya gari mbele ya kipasha joto, humnywesha dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, kwa chupa. Dhoruba na mafuriko ya Machi 2019 yaliikuta Nebraska katikati ya msimu wa kuzaa. Ndama wa mwishoni mwa Mei hukaushwa na jua huku mama akimlamba.

Tarehe yote hii huamuliwa na lango moja. Fahali akiingizwa tarehe 22 Mei, ndama wa kwanza watazaliwa karibu na 1 Machi. Akizuiwa hadi 5 Agosti, watazaliwa karibu na 15 Mei.

Lakini Agosti huko nyasi zimeanza kuchoka. Ng'ombe wachanga, ambao bado wanakua huku wakinyonyesha, huweza kukosa mimba, hivyo wengi wao huhitaji kuongezewa mashudu au machicha ya mahindi. Kusini zaidi, kama Missouri, ambako joto la kiangazi na majani yenye sumu ya kuvu huharibu upandishaji, wafugaji wengi huchagua ndama wa vuli, yaani Septemba hadi Novemba. Kwa hiyo mfugaji huangalia nyasi zake kwanza, kalenda baadaye.

Dodoma mvua huanza kwa kawaida Desemba. Anayetaka ndama wa kwanza karibu na tarehe 10 Desemba angemwachia fahali tarehe 2 Machi, ila fahali huchungwa pamoja na kundi mwaka mzima, na kujenga uzio si jambo dogo. Kwa kondoo, Wamaasai walishalipatia jibu zamani: humfunga dume kipande cha ngozi chini ya tumbo, wakakifungua siku wanayotaka wao.