Muda wa Ziada Hautoshi kwa Mwanafunzi Aliyeumia Ubongo

Mwanafunzi wa chuo akirudi masomoni baada ya kuumia kichwa, kidonda kikiwa kimeshafunga, watu humwona mzima. Kuanzia hapo hudaiwa kila kitu kama zamani. Hata picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, mara nyingi haionyeshi kitu kwa aliyepata mtikisiko wa ubongo, kwa hiyo mhadhiri akitaka ushahidi, mwanafunzi hana cha kumwonyesha. Wengi hupona ndani ya wiki chache. Wengine huendelea na dalili kwa miezi, na walioumia vibaya, au waliopata kiharusi, huenda wakaishi nazo daima.

Dalili inayoeleweka vibaya kuliko zote ni uchovu. Mambo yaliyokuwa yakijiendea yenyewe, kama kupuuza kelele za ukumbini au kusikiliza huku unaandika, sasa yanamtaka ajikaze. Asubuhi anajibu maswali vizuri kabisa. Mchana anarudia aya ileile mara nne, taa zinamuumiza macho, maneno anayoyajua hayaji mdomoni. Wahadhiri wake wawili wanaweza kumweleza tofauti kabisa, na wote wakawa wanasema kweli.

Vyuo vingi hukimbilia kumwongezea muda wa mtihani. Ni vizuri, lakini mtihani wa muda wa saa 3 ukirefushwa hadi karibu saa 4 unaweza kummaliza kabisa. Mpeni mapumziko ambayo dakika zake hazihesabiwi, chumba tulivu, na ikiwezekana mtihani mmoja tu kwa siku. Nashauri pia apunguziwe kozi mapema, kabla muhula haujamlemea. Apewe slaidi kabla ya kipindi, aruhusiwe kurekodi, na maelekezo yote yaandikwe.

Yupo pia anayeijua mada vizuri lakini hawezi kuanza insha. Sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo inayosaidia kupanga na kuanza kazi, na ikiumia, mtu huonekana mvivu. Tafadhali msimwite hivyo. Kaeni naye kila wiki, muigawe insha vipande vidogo, kila kipande na tarehe yake.

Baada ya mtikisiko, siku 1 hadi 2 za mwanzo ni za kupumzika, kisha arudi masomoni kidogo kidogo. Kujifungia gizani wiki nzima hakuharakishi kupona. Michezo ya kugongana isubiri ruhusa ya daktari, kwani pigo la pili kabla hajapona ni hatari sana.

Kwa mnaolala naye chumba kimoja hosteli: katika siku za mwanzo, akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akipata degedege, akichanganyikiwa, akilegea upande mmoja, mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko nyingine, au akiwa mgumu kuamka, msisubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo.