Ugonjwa wa akili peke yake haufuti kesi

"Daktari, andika tu kwamba ni mgonjwa, kesi iishe." Ombi hili mimi, daktari wa magonjwa ya akili, naletewa na akina mama, kaka wakubwa, hata mawakili wachanga, wakiwa na bahasha ya karatasi za kliniki mkononi. Nawahurumia, maana wengi wamemuuguza mtu wao kwa miaka bila msaada. Lakini barua hiyo siwezi kuiandika, na hata ningeiandika isingewafaa kitu.

Sheria haiulizi kama mshtakiwa ana ugonjwa. Kifungu cha 11 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamchukulia kila mtu kuwa na akili timamu hadi ithibitishwe vinginevyo. Kifungu cha 12 kinamwondolea lawama ikiwa, alipokuwa akitenda, ugonjwa ulimfanya asielewe anachofanya au asijue kwamba hapaswi kukifanya. Kisha kifungu hicho hicho kinaongeza jambo ambalo wengi hawafiki kulisoma: mtu mwenye ugonjwa wa akili anaweza kuwajibika, kama ugonjwa wake haukuleta mojawapo ya hayo mawili. Mwenye skizofrenia, ugonjwa unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, anaweza kupora simu katika barabara ya Tom Mboya, Nairobi, kwa sababu alitaka pesa, basi. Mwingine mwenye skizofrenia hiyo hiyo anaweza kumvamia jirani akiamini kabisa kwamba jirani ametumwa kumuua usiku ule. Kadi zao za kliniki zinafanana. Majibu yangu kwa mahakama hayatafanana.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kwamba kuna maswali mawili, na kila moja lina wakati wake. Mshukiwa wa mauaji hapa Nairobi kwa kawaida hupelekwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili, apimwe kabla ya kujibu mashtaka katika Mahakama Kuu. Habari ikitangazwa, jamaa zake hupata matumaini, na jamaa za marehemu huona njama imeanza. Wote wanakosea. Huo ni utaratibu wa kawaida, na swali lake ni la leo: anaelewa anashtakiwa nini? Anajua kazi ya jaji na ya wakili wake? Anaweza kumweleza wakili upande wake? Akiweza, hakuna aliyesema kwamba alikuwa timamu siku ya tukio. Asipoweza, kesi haifi. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinairuhusu mahakama kuiahirisha, na akipata nafuu inaendelea.

Swali la siku ya tukio ni la pili, na mzigo wa kulithibitisha uko kwa mshtakiwa mwenyewe. Mimi naulizwa miezi mingi baadaye, mbele ya mtu ambaye huenda ameshatibiwa na ametulia. Kwa hiyo nahitaji mashahidi wa wiki ile. Alikuwa analala? Aliacha dawa lini? Alimwambia nini mtu wa kwanza aliyemkuta? Alikimbia, alificha kisu, au alikaa pale pale akiongea peke yake? Andikeni haya mapema, kabla kumbukumbu hazijachanganyika na maneno ya mtaani, na mje na yule aliyekuwa akiishi naye, hata kama ni mfanyakazi wa nyumbani. Mjomba msemaji aliyemwona mara ya mwisho Krismasi hanisaidii.

Na tafadhali, msimnyime dawa kabla ya uchunguzi ili "aonekane mgonjwa." Hili linaniumiza kuliko yote. Kuugua kwake leo hakuthibitishi hali yake ya siku ile. Mnamrudisha kwenye mateso, anashindwa kujibu mashtaka, na kesi inakwama huku yeye akiwa rumande.

Mengine nayapitia kwa haraka. Anayedhani kwamba akipatikana hakuwa timamu atarudi nyumbani jioni hajasoma kifungu cha 166. Uamuzi ni "ana hatia lakini alikuwa mwendawazimu", na kwa miaka mingi watu wamezuiliwa kwa hiari ya Rais bila kujua tarehe ya kutoka, hali ambayo Mahakama Kuu imeikosoa katika zaidi ya hukumu moja kuwa inakiuka Katiba. Pombe na bangi uliyojitwalia mwenyewe kwa kawaida si utetezi. Kifungu cha 13 kina mianya yake, ila ni myembamba. Hakuna mashine ya kupimia wazimu. Picha ya ubongo inaweza kuonyesha uvimbe, lakini haiwezi kusema mtu alijua nini Jumanne usiku. Wako wanaoigiza, ndiyo, ila kuigiza mbele ya wauguzi wa wodi mchana na usiku ni kazi nzito. Na unachoniambia katika uchunguzi wa mahakama kinaweza kuingia katika ripoti. Namwambia kila mtu hivyo kabla hajafungua kinywa.

Naulizwa pia kuhusu wosia: kusahau kwa aliyeuandika hakutoshi kuubatilisha. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Urithi kinamchukulia aliyeuandika kuwa timamu, na anayepinga ndiye wa kuthibitisha. Mzee anayesahau jina la jirani anaweza bado kujua kwamba ana ploti Kitengela na watoto wanne. Mkiwa na wasiwasi, mleteni nimwone kabla hajatia sahihi, maana baada ya mazishi nitabaki na jalada la kusoma tu.