Mbuyu mnene si lazima uwe mkongwe

Kila nikiitwa kukagua mbuyu kwenye kiwanja cha mtu, kabla sijafungua mkoba nishaambiwa: "Huu una miaka elfu mbili." Ukiuliza wamejuaje, jibu ni lile lile. Wameshikana mikono kuuzunguka, watu wanane, hawakutosha.

Jamani, unene si umri. Mbuyu huchipuza mashina kadhaa ubavuni, yakinenepa yanashikana, nawe unadhani ni shina moja. Tena mti wenyewe umejaa maji: mvua ikinyesha unavimba, ukame ukizidi unasinyaa. Hata pete za ndani hazitegemeki, maana kuna mwaka zinaruka na mwaka zinazidi. Kipimo cha kuaminika ni radiokaboni, yaani maabara kupima kaboni yenye mionzi iliyobaki kwenye kipande cha mti, na hicho hakifanywi kwa futi kamba.

Mbuyu wa Sunland, kule Limpopo, Afrika Kusini, ulikuwa na mzingo wa zaidi ya mita 30, na ndani yake palikuwa na baa. Ulinadiwa kuwa na miaka 6000. Maabara ikasema takriban 1060. Mbuyu uitwao Panke, wa Zimbabwe, mwembamba kuliko huo, ulifikisha miaka kama 2450 kabla haujafa. Basi hoteli zinazochonga vibao vya "miaka 3000" zituonyeshe karatasi ya maabara.

Eti shimo la ndani ni uozo? Mara nyingi ni nafasi iliyobaki katikati ya mashina yaliyoota kwa duara. Ingiza mkono upapase: ukigusa gome, huo ni ukuta hai. Na tafadhali, msimimine zege humo! Linafungia unyevu, ndipo mnapoanza kuozesha mti uliokuwa mzima.

Gome likibanduliwa mbuyu hufa? Hapana, huota upya, ingawa hiyo si ruhusa ya kuumenya kila mwaka.

Mashetani ya usiku? Maua yake hufunguka jioni, popo wanakuja kunyonya, na popo wana kelele. Anayefukiza ubani pale chini sina ugomvi naye. Heshima hiyo imezuia mashoka mengi.

La mwisho, eti mbuyu mchanga haupo. Upo, ila majani yake ya mwanzo ni moja moja, hayajagawanyika kama vidole, ndiyo maana unaufyeka pamoja na magugu. Ukiuona, uzungushie miiba mbuzi wasiufikie.